Virusi huingilia wapi? Mwongozo kamili kutoka meza ya saiba, Kondele

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Maseno aliingia saiba yangu, duka la kompyuta na intaneti, hapa Kondele, Kisumu, saa mbili asubuhi, jasho likimtiririka ingawa jua lilikuwa bado halijakolea. Mkononi alikuwa na flashi, na ilipofika saa nne alitakiwa awe ameshawasilisha tasnifu.

"Fundi, kazi yangu yote imegeuka shotikati."

Nilipoifungua flashi, kila folda ilikuwa na kimshale kidogo pembeni, alama ya shotikati, yaani kielekezi tu cha kufungulia kitu kilichoko kwingine, na ukubwa wa kilobaiti 2. Tasnifu ya kurasa themanini haikai ndani ya kilobaiti 2.

"Jana ulichapisha wapi?"

"Pale stejini."

"Ukatoka pale ukaichomeka wapi?"

"Kwa laptopu yangu. Ikakataa, nikajaribu ya rumeti."

Hapo nikajua kwamba kazi niliyoletewa haikuwa ya flashi moja. Kulikuwa na laptopu mbili zilizoshaugua, na kompyuta moja ya stejini ambayo hadi tunapozungumza inaendelea kuwagawia wengine.

Watu husema kompyuta "imeshikwa na virusi", kama mtu anavyoamka na mafua asijue ameyatoa wapi. Kwa ninayoyaona mezani, karibu kila mara kuna dakika moja ambapo mtu alichomeka, alibofya au alikubali kitu. Ukiipata dakika hiyo unajua kilichoingia, kimefika wapi na ufanye nini. Usipoipata, utasafisha leo na kesho urudi. Kwa hiyo nitaifuata dakika hiyo mlango kwa mlango, nikianza na mlango unaotusumbua zaidi huku kwetu.

Kabla ya kulaumu virusi

Kirusi, kwa maana yake kamili, ni programu inayojipachika ndani ya faili nyingine na kusafiri nayo. Mnyoo hujisambaza wenyewe bila kutegemea faili ya mtu. Trojani hujifanya programu nzuri, ukiifungua inafanya mengine. Halafu kuna zinazoiba nywila kimyakimya na zinazofunga faili zako kisha kudai pesa. Mafundi wa mtaani huziita zote virusi, nami nitawafuata, ila pale tofauti inapobadilisha tiba nitasema.

Lakini si kila ugonjwa ni virusi, na hapa nina ugomvi na baadhi ya wenzangu. Laptopu yenye RAM ya gigabaiti 4 na diski ya zamani ya kuzunguka itakuwa nzito hata ikiwa safi kama maji ya chemchemi. Mashine inayozimika baada ya nusu saa mara nyingi imejaa vumbi kwenye feni. Faili zilizoanza kuharibika baada ya mvua ya radi na stima kupotea mara tatu jioni moja, hiyo ni diski. Na ile flashi ya bei ya kutupa iliyoandikwa terabaiti 1, ambayo ndani ni gigabaiti 8 tu, itameza picha zako bila msaada wa kirusi chochote. Fundi akikwambia "ni virusi" kabla hajaifungua mashine, muulize amevionea wapi.

Mlango wa kwanza: flashi

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Siku hizi kimo mfukoni, kimefungwa kwenye kishikio cha funguo.

Zamani flashi ilikuwa hatari zaidi. Windows ilikuwa na mazoea ya kuangalia faili iitwayo autorun.inf mara tu unapochomeka, na kuendesha ilichoambiwa. Mnyoo wa Conficker, ulioanza kuonekana Novemba 2008, ulitumia njia hiyo pamoja na tundu, yaani kasoro ya usalama ya Windows kwenye mtandao, ukaingia mamilioni ya kompyuta. Windows 7 ilikataa mazoea hayo kwa flashi, na Februari 2011 Microsoft ikasambaza sasisho la kuyazima kwenye XP na Vista pia. Tangu hapo, kwa kawaida kirusi cha flashi kinahitaji mkono wako. Stuxnet, ile iliyogunduliwa 2010 baada ya kuandama mitambo ya urani kule Natanz, Iran, ilipata tundu ambapo kuona tu ikoni ya shotikati kulitosha, lakini Microsoft ilitoa kiraka cha tundu hilo Agosti mwaka huohuo, na kingine cha kumalizia Machi 2015.

Kirusi cha shotikati hufanyaje basi ili kupata huo mkono? Kwa ujanja mwepesi mno. Kikishaingia kwenye flashi, kinazificha folda zako zote kwa kuzipa alama kwamba ni faili za mfumo. Kisha kinaunda shotikati zenye majina yaleyale na ikoni zilezile. Wewe unaona "TASNIFU", unabofya. Shotikati inaendesha kwanza hati ndogo ya kirusi, halafu inakufungulia folda yako halisi. Kazi yako inafunguka kama kawaida, unahariri, unachapisha, unalipa shilingi zako 10 kwa ukurasa, unaenda zako. Kirusi sasa kimejinakili kwenye kompyuta, kimejiandikisha kiwe kinaamka kila Windows inapowaka, na kinasubiri flashi inayofuata.

Ndiyo maana kusafisha flashi peke yake ni kutwanga maji kwenye kinu. Fuata mpangilio huu:

1. Usibofye shotikati hata moja. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu yake, chagua Properties, usome mstari wa Target. Ukikuta cmd.exe au wscript.exe, programu za Windows za kuendesha amri, mahali ambapo ungetarajia jina la folda yako, umepata uthibitisho.

2. Chomoa flashi, uanze na kompyuta. Fungua Task Manager kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja. Ukiona Microsoft Windows Based Script Host inaendesha wakati wewe hujafungua chochote, isimamishe. Nenda sehemu ya Startup uzime chochote chenye jina la ovyo au kinachoita wscript.

3. Fungua Windows Security, kisha Virus & threat protection, kisha Scan options, uchague Microsoft Defender Offline scan. Kompyuta itajizima, itajiwasha kabla Windows haijaamka, na kuchunguza kwa takriban dakika kumi na tano. Faida yake ni kwamba kirusi hakipati nafasi ya kujificha, kwa sababu kinapochunguzwa hakijaamka.

4. Sasa rudisha flashi. Tazama herufi yake kwenye This PC. Tuseme ni E. Fungua Command Prompt uandike: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* kisha ubonyeze Enter. Folda zako zitaibuka upya. Ukiona pia folda iitwayo System Volume Information usishtuke, hiyo ni ya Windows yenyewe.

5. Nakili hati zako tu: Word, PDF, picha. Usinakili shotikati, wala faili zinazoishia kwa .vbs, .js, .exe au .scr. Kisha ifomati flashi.

Kijana wa Maseno tulimaliza saa tatu na nusu. Nilimpa faili yake kupitia kompyuta yangu na kumkataza kuchomeka flashi kwenye laptopu yake mpaka aniletee laptopu hiyo jioni niisafishe. Hakurudi jioni. Alirudi baada ya siku mbili, na flashi imegeuka shotikati tena.

Je, kinga ni ipi kwa mtu ambaye hana printa nyumbani, yaani karibu sisi sote? Usibebe maisha yako yote kwenye flashi ya kuchapishia. Nunua ndogo ya bei rahisi, iweke faili moja tu ya PDF, na ukirudi nyumbani ifomati kabla ya kufungua chochote kilichomo. Bora zaidi ni kadi ya SD ndani ya kile kiadapta chenye swichi ndogo ubavuni; ukiisukuma upande wa kufunga, visomaji vingi vitakataa kuandika chochote juu yake, kwa hiyo kirusi hakipati pa kukaa.

Wengine huniambia wao hawatumii flashi, wanafungua baruapepe yao palepale saiba. Nawaelewa, na saibani kwangu mnakaribishwa, lakini hapo unaiamini kompyuta ambayo watu arobaini wameigusa leo. Kama imewekewa kinasa vibonye, kila unachoandika kinakwenda kwa mtu mwingine. Mtumie mhudumu faili kwa anwani ya saiba kutoka kwenye simu yako. Kama ni lazima uingie tovuti za serikali kama eCitizen au iTax kwenye mashine ya watu, fungua dirisha la faragha, kataa ukiulizwa kuhifadhi nywila, toka kabisa, na ubadilishe nywila ukifika kwenye simu yako.

Mlango wa pili: Windows ya fundi na "kraki"

Mwalimu mmoja wa Ahero aliniletea laptopu akilalamika kwamba marafiki wake wanapigiwa kelele za kuombwa mkopo kutoka Facebook yake. Nywila alikuwa amebadilisha mara mbili. Na mara mbili walirudi.

"Mwalimu, hii Windows uliwekewa na nani?"

"Fundi wa stendi. Alinipa na Office bure."

Office ya bure ina kitu kinachoiamsha bila leseni, ndicho kiitwacho kraki. Vitu hivyo vina sifa moja ambayo mtu akiifikiria kidogo tu angekimbia: kabla ya kuviendesha, maelekezo yanakuambia uzime kingavirusi. "Usijali, kinadhani ni virusi kimakosa." Hiyo ndiyo dakika yenyewe. Umemfukuza mbwa, umefungua geti, halafu unamkaribisha mgeni usiyemjua apite hadi chumbani. Labda kweli ni mwamshaji tu. Labda ameandamana na mwingine. Huna njia ya kujua, na mbwa hayupo.

Anayeandamana naye siku hizi mara nyingi ni mwizi wa nywila. Huyu haonyeshi dalili. Kompyuta haiwi nzito, hakuna tangazo linaloruka. Anaendesha kwa muda mfupi, anakusanya nywila zote ulizoruhusu kivinjari kizihifadhi, anachukua na vidakuzi, kisha anavituma. Vidakuzi ndivyo vilivyompa mwalimu tabu. Ukishaingia kwenye tovuti, kivinjari hupewa kidakuzi, mfano wa tiketi inayosema "huyu tumeshamhakiki". Mwenye tiketi hiyo anaingia bila kuulizwa nywila, na hata ile namba ya siri inayotumwa kwa simu haiulizwi tena. Zaidi ya hapo, mwalimu alikuwa akibadilisha nywila kwenye laptopu ileile iliyoibiwa, kwa hiyo mpya nayo ilikuwa ikisomwa.

Tiba yake ilikuwa hivi. Tuliweka laptopu kando, tukachukua simu yake. Tukaanza na baruapepe, kwa sababu mwenye baruapepe yako anaweza kuomba nywila mpya za kila kitu kingine. Tukabadilisha nywila, kisha tukaingia mipangilio ya usalama na kuondoa vifaa vyote vilivyokuwa vimeingia. Hapo ndipo tiketi za wizi zinapokufa. Tukafuata Facebook, kisha akaunti za kazi na za benki. Laptopu tukaifuta yote na kuweka Windows upya kutoka kwenye flashi iliyotengenezwa kwa Media Creation Tool ya Microsoft, kwenye kompyuta safi. Sikujaribu kuisafisha. Mashine iliyoingiwa na mwizi wa namna hii naifuta, kwa sababu siwezi kumhakikishia mteja kwamba nimeona kila alichoacha.

Kama hutaki kufuta bado, angalia angalau jambo moja: Windows Security, Virus & threat protection, Manage settings, teremka hadi Exclusions. Hapo huorodheshwa folda ambazo kingavirusi kimeambiwa kisiziguse. Kwa mtu wa kawaida orodha hiyo huwa tupu. Ya mwalimu ilikuwa na diski C nzima.

Najua swali linalokuja: leseni ni ghali, tufanyeje? LibreOffice ni ya bure kihalali na inafungua faili za Word. Windows isiyoamshwa inaendelea kufanya kazi. Itakuwekea maandishi ya kukukumbusha kwenye kona na kukuzuia kubadilisha picha ya ukutani, basi. Linux Mint, mfumo wa bure wa kuchukua nafasi ya Windows, inafufua laptopu kuukuu ajabu. Mimi nina mashine tatu za wateja zinazoendesha Mint, na wengi hawajatambua kwamba si Windows.

Mlango wa tatu: kiambatisho

Tarehe 4 Mei 2000 watu duniani kote walipata baruapepe yenye kichwa ILOVEYOU na kiambatisho LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Windows ilikuwa ikificha mwisho wa jina la faili, kwa hiyo wengi waliona TXT pekee, wakadhani ni maandishi. Kirusi kilichotoka Ufilipino kikajituma kwa kila anwani iliyokuwa kwenye kitabu cha mwathiriwa.

Miaka zaidi ya ishirini baadaye, Windows bado inaficha miisho hiyo. Ondoa pazia hilo leo: fungua folda yoyote, bofya View, kisha Show, kisha File name extensions. Kwenye Windows 10 utaikuta moja kwa moja ndani ya View. Sasa "LPO_Machi.pdf" itajionyesha kuwa "LPO_Machi.pdf.exe", nawe utajua kwamba hati ya ununuzi haina sababu ya kuwa programu. Katika mwongozo huu wote, kama utafanya jambo moja tu, fanya hilo.

Wanaotuma viambatisho hivi wanajua tunachosubiri. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi atatumiwa LPO. Anayetafuta kazi atatumiwa barua ya mwaliko wa usaili. Mhasibu wa shule atatumiwa risiti ya malipo. Hati ya Word au Excel inaweza kubeba makro, yaani programu ndogo ndani yake, na zamani ilitosha ubofye Enable Content. Mwaka 2022 Microsoft ilianza kuzuia makro za faili zilizotoka kwenye intaneti, ndipo wajanja wakahamia faili za ZIP zenye nywila. Wanakufungia na kukuandikia nywila palepale kwenye ujumbe. Jiulize: kufuli gani hiyo ambayo ufunguo umebandikwa mlangoni? Imewekwa ili vichunguzi vya baruapepe visione kilichomo. Wewe hukulindwa kwa lolote.

Jina la mtumaji si dhamana, hata akiwa binamu yako. Akaunti yake inaweza kuwa kama ile ya mwalimu wa Ahero. Mpigie simu. Dakika moja ya maongezi ni nafuu kuliko kunilipa mimi.

Mlango wa nne: kurasa za intaneti

Siku ya Mashemeji Dabi, timu za soka za Gor Mahia na AFC Leopards (Ingwe) zikikutana, mtu anatafuta mahali pa kutazama bure. Anafika ukurasa wenye vitufe vinne vya kuchezesha, vitatu vikiwa vya uongo. Kimoja kinamwambia aruhusu arifa. Akikubali, kuanzia hapo kona ya skrini itamlilia kila siku kwamba "kompyuta yako ina virusi 5". Hizo si virusi. Ni matangazo aliyoyapa ruhusa mwenyewe. Fungua mipangilio ya kivinjari, tafuta Notifications, futa tovuti usizozijua, kelele zitakoma palepale. Nimeona watu wakilipia "kusafishwa" kwa jambo hili la sekunde thelathini.

Kitufe cha hatari zaidi ni kile kinachokuomba uthibitishe kwamba wewe si roboti. Tumezoea kubofya picha za taa za barabarani. Lakini tangu 2024 umezagaa ujanja mwingine: ukurasa unakwambia ubonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter. Usichokiona ni kwamba ulipobofya "mimi si roboti", ukurasa ulinakili amri kimyakimya kwenye kumbukumbu ya kunakilia. Kwa vibonye hivyo vitatu umeibandika amri hiyo na kuiendesha kwa mkono wako. Kingavirusi kinaona mwenye nyumba ndiye aliyeamuru. Hakuna tovuti halali ambayo itakuthibitisha kwa njia hiyo. Kama umeshafanya, ruka hadi sehemu ya ukishaingiwa, uanzie pale sasa hivi.

Na programu zipakue kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe. Matokeo ya juu kabisa ya utafutaji mara nyingi ni tangazo la kulipiwa, na kuna waliolipia ili waonekane kama VLC, programu ya kuchezea video.

Mlango usiosubiri mkono wako

Nilisema karibu kila mara kuna mtu aliyekubali. Hapa ndipo hiyo "karibu" ilipo.

Machi 14, 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu katika huduma ya kushirikiana faili kwenye mtandao. Mei 12, mwaka huohuo, mnyoo wa WannaCry ulilitumia tundu hilo. Haukuhitaji kubofya, kompyuta moja ikishaingiwa, ilitafuta jirani zake na kuwaingia. Hospitali za Uingereza ziliahirisha matibabu. Waliokuwa wamesasisha walipita salama, wengi waliokuwa wameahirisha walifungiwa faili na kuona skrini nyekundu ya kudai pesa. Kulikuwa na karibu miezi miwili katikati.

Huku kwetu tunaahirisha kwa sababu ya bando, na siwezi kumlaumu mtu kwa hilo. Lakini usizime masasisho kabisa kama mafundi wengine wanavyofanya "ili mashine iwe nyepesi". Yaahirishe hadi siku utakapokuwa kwenye Wi-Fi ya chuo, ya kazini, au uje kwangu mchana ambapo watu ni wachache. Fahamu pia kwamba Windows 7 iliacha kupata masasisho ya kawaida Januari 14, 2020, na zamu ya Windows 10 ikafika Oktoba 14, 2025. Laptopu nyingi zinazouzwa mitumba bado zina moja ya hizo. Mashine ikikubali Windows 11, panda. Ikikataa, nimeshakutajia Mint.

Rafiki yangu wa Nakuru anahudumia ofisi moja ya uhasibu. Bosi alitaka kufanya kazi akiwa nyumbani, wakafungua njia ya kuingia kompyuta ya ofisi kutoka nje, nywila ikiwa jina la ofisi na mwaka. Kuna programu zinazozunguka intaneti usiku na mchana zikigonga milango ya namna hii. Jumatatu asubuhi faili zote zilikuwa na miisho ya ajabu na karatasi ya madai kwenye skrini. Walikuwa na diski ya akiba. Ilikuwa imechomekwa kwenye kompyuta hiyohiyo tangu siku iliponunuliwa, nayo ikafungwa pamoja na wenzake.

Ukishaingiwa

Kata intaneti kwanza: zima Wi-Fi, chomoa waya. Usichomeke flashi wala diski ya akiba ili "kuokoa kitu". Kama faili zinafungwa mbele ya macho yako, izime mashine hata kwa kushikilia kitufe. Kila sekunde ni faili nyingine.

Kisha kaa chini utafute ile dakika. Nini kilifunguliwa, lini, na nani mwingine alitumia mashine? Usigombe. Mtoto akiogopa kiboko hatasema alipakua kraki ya mchezo, nawe utatibu ugonjwa usio wenyewe.

Shotikati na matangazo yanasafishika kwa njia nilizoeleza. Mwizi wa nywila, au amri uliyobandika mwenyewe, badilisha nywila ukitumia kifaa kingine, toa vifaa vyote kwenye akaunti, futa mashine. Kama faili zimefungwa na unadaiwa pesa, piga picha ya madai, weka kando faili chache zilizofungwa, kisha kwa simu tembelea No More Ransom, mradi ulioanzishwa 2016 na Europol, polisi wa Uholanzi na kampuni za usalama wa kompyuta. Wana funguo za bure za baadhi ya programu hizi. Si zote. Kulipa sikushauri: unamlipa mwizi, na hakuna anayekuhakikishia kwamba ufunguo utakuja au utafanya kazi.

Toa ripoti kwa KE-CIRT, kitengo cha kushughulikia mashambulizi ya mitandao kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Kuingilia kompyuta ya mtu ni kosa chini ya sheria ya uhalifu wa mitandaoni ya 2018. Na kama unatunza taarifa za watu wengine, iwe zahanati, shule au chama cha akiba, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka umjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ujue, pale uvujaji unapowaweka watu hao hatarini. Wengi hunyamaza kwa aibu, muda ukapita.

Mashine ikishakuwa safi, ongeza jambo moja kabla ya kuirudisha kazini. Fungua akaunti ya pili ya kawaida isiyo ya msimamizi, na hiyo ndiyo utumie kila siku. Programu ikitaka kubadilisha mfumo, itaulizwa nywila ya msimamizi badala ya kubofyewa Yes na kidole kilichozoea kubofya Yes.

Nakala

Weka nakala tatu za kazi yako, kwenye vitu vya aina mbili, moja ikae mbali na nyumbani. Kwa mwanafunzi inaweza kuwa laptopu, diski ya nje, na hifadhi ya mtandaoni kama Google Drive. Chagua siku ya wiki. Mimi ni Jumapili jioni, nikitoka sokoni Kibuye. Chomeka diski, nakili, kisha chagua faili mbili tatu kutoka kwenye nakala yenyewe uzifungue, kwa sababu nakala ambayo hujawahi kuifungua hujui kama ni nakala. Zikifunguka, chomoa diski uiweke kabatini.